Mashetani Wafundishwa Dansi

Anayenunua tiketi ya viti vya mbele katika mchezo wa Evil Dead: The Musical huja na fulana nyeupe. Anaivaa kwa makusudi, maana anajua kwamba kabla ya usiku kwisha itakuwa nyekundu kutoka shingoni hadi kiunoni, naye ataondoka nayo hivyo hivyo, apite barabarani huku watu wakimpisha njia. Safu hizo za mbele wapenzi wa mchezo huu huzigombea. Kuna watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanaolipa ili wamwagiwe damu ya bandia wakiwa wanacheka.

Mchezo huo ulifunguliwa rasmi jijini New York tarehe 1 Novemba 2006 katika New World Stages, kumbi zilizo chini ya ardhi katika Mtaa wa 50, ambazo zamani zilikuwa jumba la sinema. Mahali hapo palifaa. Filamu ya kutisha ilirudi kwenye jumba la sinema, safari hii kwa waigizaji wa nyama na jasho, bendi na nyimbo.

Wapo wanaoona kwamba kuichukua filamu ya kutisha na kuigeuza mchezo wa kuchekesha wa kuimba ni utani wa vijana wasio na la kufanya. Mimi naiona ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa za jukwaani, tena yenye heshima yake. Sababu ni hii: ukiipandisha filamu ya kutisha jukwaani na kuwapa waigizaji nyimbo, kicheko kitakuja, utake usitake. Msanii hana uwezo wa kukizuia. Anachoweza ni kukiandalia nafasi, akakikaribisha kwa saa aliyoipanga mwenyewe.

Filamu yenyewe, The Evil Dead, ilikuwa kazi ya marafiki kutoka jimbo la Michigan. Sam Raimi aliiongoza, Robert Tapert akawa mtayarishaji, Bruce Campbell akaigiza Ash, kijana anayekwenda na wenzake wanne kupumzika kwenye nyumba ya mbao msituni. Huko wanakuta kitabu cha kale na kinasa sauti. Sauti iliyorekodiwa inasoma maneno ya kitabu, mashetani wanaamka, na vijana wanaingiwa mmoja baada ya mwingine hadi Ash anabaki peke yake akiwakatakata wapendwa wake.

Ili kupata fedha, Raimi na wenzake walitengeneza kwanza filamu fupi mwaka 1978, wakawa wanazunguka nayo kwa mawakili, wafanyabiashara na madaktari wa meno wakiomba mtaji. Mwishoni mwa 1979 wakaenda Tennessee, karibu na mji wa Morristown, kwenye nyumba iliyotelekezwa porini, na baridi kali ikawakuta huko. Damu waliipika wenyewe kwa shira ya mahindi, rangi ya chakula na krima ya kahawa. Lenzi za kuyapausha macho ya mashetani zilikuwa ngumu na nene, na waigizaji hawakuweza kukaa nazo kwa muda mrefu. Mitambo ya kubebea kamera hawakuwa na fedha ya kuikodi, kwa hiyo waliifunga kamera juu ya ubao, watu wawili wakaushika ubao huo kila mmoja upande wake na kukimbia nao kati ya miti. Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile picha inayokumbukwa na kila aliyeitazama filamu hii, picha ya pepo asiyeonekana akiikimbilia nyumba.

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1981 katika ukumbi wa Redford, Detroit. Mwaka uliofuata Stephen King aliisifu kwa maandishi, na sifa zake zikaifungulia milango. Uingereza kanda zake za video zilifikishwa mahakamani pamoja na filamu nyingine zilizodaiwa kuharibu maadili. Kisha mwaka 1987 Raimi alitoa Evil Dead II, na humo jambo likabadilika. Mkono wa Ash unaingiwa na pepo, unampiga mwenyewe kwa sahani, unamburuta sakafuni, hadi anaamua kuukata kwa msumeno wa mashine. Kichwa cha mnyama kilichotundikwa ukutani kinaanza kucheka, na taa, vitabu na samani navyo vinacheka. Ash, akiwa ametapakaa damu, anacheka pamoja navyo kama mwehu. Aliyetengeneza hofu ndiye huyo huyo aliyegundua kwamba hofu hiyo ikisukumwa hatua moja mbele inageuka kicheko. Waliokuja baadaye kuutungia mzaha muziki walikuta mlango umeshafunguliwa na mwenye nyumba.

Hao walikuwa kikundi cha vijana wa Toronto, Kanada. George Reinblatt aliandika hadithi na maneno ya nyimbo. Muziki waliutunga yeye, Frank Cipolla, Christopher Bond na Melissa Morris, na Bond akaongoza. Agosti 2003 waliuonyesha katika Tranzac, klabu ya mtaani yenye jukwaa dogo, mahali pa wanamuziki wa kienyeji na mikutano ya majirani. Mwaka 2004 ulipelekwa kwenye tamasha la vichekesho la Just for Laughs, Montreal, na miaka miwili baadaye New York. Uliendelea huko hadi Februari 2007, kisha ukarudi Toronto na kupata maisha marefu zaidi kuliko yale ya New York. Baada ya hapo ulienda mbali, hadi Seoul.

Walichofanya ni kuchanganya filamu zote tatu za mwanzo za Ash katika usiku mmoja. Nyumba ni ile ile, kitabu ni kile kile. Cheryl, dada yake Ash, ndiye wa kwanza kuingiwa. Anafungiwa chini ya sakafu, na kutoka kwenye kimlango cha sakafuni anachungulia kila mara akitoa vichekesho vibaya kupita kiasi. Mnyama wa ukutani ana mistari yake. Mwigizaji wa kike anayekufa mapema katika nafasi ya Shelly kwa kawaida hurudi baadaye akiwa Annie, mtu mwingine kabisa, na watazamaji wanajua, wanashangilia. Yupo pia Ed, mhusika ambaye katika filamu hakuna anayekumbuka jina lake. Katika mchezo anapewa wimbo wake mwenyewe wa kulalamika kwamba siku zote yeye ni wa kupita tu. Naupenda wimbo huo kuliko yote, kwa kuwa hauwezi kutungwa na mtu aliyeitazama filamu mara moja. Anautunga mtu aliyekaa na filamu hiyo miaka, akaanza kumwonea huruma hata asiye na mistari.

Umuhimu wa kukiandalia kicheko nafasi unaonekana vizuri zaidi ukiweka kando ya mchezo huu mwingine, uliokuja miaka 15 kabla ya ule wa Toronto na ambao haukutaka kuchekwa hata kidogo. Mwaka 1988, Carrie, riwaya ya Stephen King iliyokwisha kuwa filamu maarufu ya Brian De Palma ya mwaka 1976, ilifanywa mchezo wa muziki. Hapakukosekana chochote. Michael Gore alitunga muziki, Dean Pitchford maneno ya nyimbo, na hadithi iliandikwa na Lawrence D. Cohen, yule yule aliyeandika filamu. Terry Hands, kiongozi wa Royal Shakespeare Company, ndiye aliyeongoza, na maonyesho ya kwanza yalifanyika Stratford-upon-Avon, mji wa Shakespeare mwenyewe. Fedha zilizotumika zilizidi dola milioni 7.

Mambo yalianza kuharibika mapema. Barbara Cook, mwimbaji mkubwa aliyecheza nafasi ya mama, nusura akatwe kichwa na kipande cha mandhari usiku wa ufunguzi, akaamua kuondoka baada ya Stratford. Kisha kulikuwa na suala la damu. Kila mtu anayeijua hadithi ya Carrie anasubiri kitu kimoja, nacho ni ndoo ya damu ya nguruwe inayomwagwa juu ya msichana usiku wa sherehe ya shule. Linzi Hateley, aliyemwigiza Carrie, alikuwa amevalishwa maikrofoni mwilini, na damu ya bandia ilipoigusa, maikrofoni iliharibika. Ukimmwagia damu, hasikiki. Ukitaka asikike, ndoo lazima ibaki kavu. Fikiria mchezo mzima umejengwa kuelekea dakika moja, na dakika hiyo ikifika mafundi wanazuiwa na waya.

Ulipofika Broadway ulifunguliwa tarehe 12 Mei na kufungwa tarehe 15, baada ya maonyesho rasmi 5 tu. Walioshuhudia walisimulia ukumbi uliogawanyika, hawa wakizomea, wengine wakisimama kuwapigia makofi Hateley na Betty Buckley, aliyechukua nafasi ya Cook, walipojitokeza kuinama. Mahali pengi watu walicheka. Walicheka nyimbo za wanafunzi wanaopanga kumchinja nguruwe, walicheka mavazi, walicheka pale palipotakiwa machozi. Waigizaji walikuwa hodari, na baadhi ya nyimbo kati ya mama na binti ni nzuri hadi leo. Lakini hakuna aliyekuwa amekiwekea kicheko kiti, na kilipoingia kilikaa popote.

Ndiyo maana nasema wale wa Toronto walikuwa wamelielewa jambo. Walianza na kicheko, na kwa sababu kilikuwa tayari mikononi mwao, waliweza kukipeleka walikotaka.

Hebu turudi kwenye damu, maana hapa ndipo kazi ya mikono ilipo, na wapenzi wa tamthilia huwa hawaambiwi vya kutosha kuhusu kazi ya mikono.

Damu ya filamu inamwagwa mara moja, kamera inakamata, basi. Inaweza kuwa na sukari, inaweza kunata, inaweza kuvutia nzi na kuoza. Mpiga picha hajali. Damu ya jukwaani itamwagwa usiku wa leo, na kesho saa moja jioni nguo zile zile lazima ziwe safi na kavu. Kwa hiyo damu ya kumwagika kwenye nguo mara nyingi hutengenezwa kwa sabuni ya maji na rangi, ili itoke ikifuliwa. Lakini mwigizaji anayetema damu mdomoni hawezi kutema sabuni. Huyo anahitaji ya pili, ya kulika. Damu inayochuruzika polepole kwenye paji la uso lazima iwe nzito, na inayoruka hadi safu ya tatu lazima iwe nyepesi. Mchezo mmoja unaweza kuhitaji aina nne za damu, kila moja na chombo chake, na fundi anayezichanganya vibaya anaweza kumuumiza mtu macho.

Kisha kuna sakafu. Sabuni juu ya mbao ni utelezi mtupu, na kwenye utelezi huo watu wanacheza dansi, wanapigana, mmoja ameshika msumeno. Msumeno ni wa bandia, lakini shingo ya anayeanguka ni ya kweli. Sakafu hupakwa rangi yenye mchanga mchanga, viatu hubandikwa soli za mpira, na matukio ya damu nyingi husogezwa kuelekea mwisho, ili watu wasicheze muda mrefu juu yake. Maikrofoni hufichwa kwenye nywele au kufungwa kwa mpira, kwa sababu walimwengu walijifunza kutokana na Carrie. Mirija hupitishwa ndani ya nguo, chupa laini hubanwa kwapani, na mtu fulani aliyejificha nyuma ya kabati la bandia hupiga pampu kwa kufuata mdundo wa ngoma. Akichelewa nusu ya pigo, damu inaruka baada ya kicheko kupita, na watazamaji wanapata uchafu badala ya burudani.

Na huko kwenye mdundo ndiko hofu na kicheko zilikozaliwa pamoja. Mtu anafungua mlango taratibu, kimya, kimya kikazidi, halafu kitu kinaruka. Ukiondoa kile kinachoruka na kuweka kingine, umetoka kwenye mayowe na kuingia kwenye vicheko bila kugusa saa. Wafaransa walilitumia jambo hili kwa miaka mingi. Katika ukumbi wa Grand-Guignol, Paris, uliofunguliwa 1897 katika jengo lililokuwa kanisa dogo na kufungwa 1962, mchezo wa kutisha wa macho kung'olewa ulifuatwa na kichekesho kifupi cha mapenzi, kisha hofu tena. Watazamaji 293 tu waliingia humo, wamebanana karibu kabisa na jukwaa. Waendeshaji waligundua kwamba aliyetoka kucheka hutishika zaidi, na aliyetoka kutishika hucheka zaidi.

Kwa New York, kazi ya kuwapangia mashetani dansi ilipewa Hinton Battle, ambaye pia aliongoza kwa kushirikiana na Bond. Wasiomjua wamtafute. Battle, aliyefariki Januari 2024, alikuwa mtu mzima wa Broadway. Ndiye aliyemwigiza mwanasesere wa kuogofya ndege katika The Wiz mwaka 1975, na alishinda tuzo ya Tony mara tatu kwa michezo mitatu tofauti. Mtu wa kiwango hicho alipewa maiti zilizofufuka na kuambiwa azifundishe kucheza, naye akazifundisha kwa dhati. Dansi ya mzaha ikichezwa hovyo haichekeshi. Inachekesha pale mguu unapoinuka sawasawa, mstari umenyooka, vidole vimenyooshwa, na mwenye mguu huo amechanwa koo.

Ash naye hivyo hivyo. Ryan Ward, aliyemwigiza Toronto na New York, alikuwa na kazi ya kupigana na mkono wake mwenyewe mbele ya watu, bila kamera kumsaidia, bila kukata picha. Katika filamu Campbell alikuwa na mhariri. Jukwaani mwigizaji ana bega lake tu, kiwiko chake, na imani ya watu kwamba mkono ule si wake. Nimewaona waigizaji wa vikundi vidogo wakijaribu tendo la namna hii, na tofauti kati ya anayefaulu na anayeshindwa ni ndogo mno: anayeshindwa anawatazama watazamaji kidogo, kama anayewaomba wacheke naye. Anayefaulu hana habari nao. Anaogopa kwelikweli. Mpenzi wake amekufa, dada yake anamtukana kutoka chini ya sakafu, mkono wake unataka kumuua, naye anaimba kwa sababu hana njia nyingine. Sisi tunacheka, yeye hajui kwamba tunacheka.

Gazeti la The New York Times liliuona mchezo huu kama unaotaka kuwa mrithi wa The Rocky Horror Show, na kulinganisha huko kulikuwa na haki. Rocky Horror, mchezo wa Richard O'Brien unaozichezea filamu za zamani za Frankenstein na za viumbe kutoka anga za mbali, ulianza Juni 1973 London katika chumba cha juu cha Royal Court chenye viti 63. Ulipendwa hadi ukahamishwa ukumbi baada ya ukumbi, ukaonyeshwa London kwa karibu miaka 7. Lakini mwaka 1975 ulipopandishwa Broadway, katika ukumbi mkubwa wa Belasco, uliishi maonyesho 45 tu. Mwigizaji mkuu, Tim Curry, alikuwa yule yule. Nyimbo zilikuwa zile zile. Watu ndio waliowekwa mbali.

Mel Brooks alilipia somo hilo hilo kwa bei kubwa. Filamu yake Young Frankenstein ya mwaka 1974 ni mzaha bora kuliko yote uliowahi kufanyiwa filamu ya kutisha, na sababu mojawapo ni kwamba aliipiga kwa picha nyeusi na nyeupe na kuazima mitambo halisi ya maabara iliyotengenezwa na Kenneth Strickfaden kwa ajili ya Frankenstein ya 1931. Heshima ya namna hiyo huonekana. Mwaka 2007 aliigeuza mchezo wa muziki katika ukumbi wa Hilton, mojawapo ya kumbi kubwa kabisa za Broadway, na tiketi za viti bora zikauzwa dola 450. Ulifungwa Januari 2009 baada ya maonyesho 485, idadi ambayo wengi wangeifurahia, lakini si baada ya matumaini yale. Miaka kumi baadaye, Brooks akiwa na umri wa miaka 91, aliupunguza, akatoa nyimbo na kuongeza nyingine, akautia katika ukumbi mdogo wa Garrick, London. Huko ulisifiwa na wakosoaji. Kiumbe kilichotengenezwa kwa vipande vya maiti kinapovaa suti na kucheza dansi, mtazamaji anataka kuziona nyuzi za mshono kwenye shingo yake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asiuone utamaduni huu kama wa kigeni. Kwenye vibanda vyetu vya video watu hawakukaa kimya kamwe. Filamu ya kutisha ilipowekwa, kulikuwa na sauti juu ya sauti: Lufufu wa Dar es Salaam, au DJ Afro kwa Wakenya, akitafsiri, akiongeza maneno ambayo mwandishi wa Hollywood hakuyaota, akimpa jambazi jina la mtaani na kumkaripia msichana anayeshuka kwenye chumba cha giza peke yake. Na watazamaji wakimjibu. Mjini New York, kuanzia 1976, watu walioitazama filamu ya Rocky Horror usiku wa manane katika jumba la sinema la Waverly walianza kuijibu skrini kwa maneno yao wenyewe, hadi majibu hayo yakawa sehemu ya onyesho. Hawakuwa wameambiana na watu wa Kinondoni. Ni jambo ambalo binadamu hulifanya akiogopeshwa pamoja na wenzake.

Hapo ndipo jukwaa linapoipita filamu, na ushahidi mzuri zaidi ninaoujua unatoka kwa Little Shop of Horrors. Roger Corman aliitengeneza filamu hiyo iliyotoka 1960, sehemu kubwa yake kwa siku mbili tu, juu ya mfanyakazi wa duka la maua anayefuga mmea unaokula watu. Mwaka 1982 Howard Ashman na Alan Menken waliigeuza mchezo wa muziki. Mmea ulikuwa kikaragosi kilichobuniwa na Martin P. Robinson, ambaye mwenyewe aliingia ndani yake na kukiendesha huku mwimbaji akitoa sauti kutoka mahali pengine. Kadiri hadithi inavyosonga, kikaragosi hubadilishwa na kikubwa zaidi, hadi cha mwisho kinamlaza mtu mzima kinywani. Katika ukumbi wa Orpheum, usiofika viti 400, mchezo huo ulidumu miaka 5 na maonyesho yakafika 2,209.

Mwishoni mwa mchezo mmea unamla kila mtu. Seymour, yule mfanyakazi wa duka la maua, anakufa, mpenzi wake Audrey anakufa, na watazamaji wa Orpheum walitoka wakiwa na furaha tele. Frank Oz alipoitengeneza upya kuwa filamu mwaka 1986 aliubakiza mwisho huo, tena kwa gharama kubwa, kwa sanamu ndogo za majengo na mimea mikubwa inayobomoa mji. Walipoijaribu kwa watazamaji, watu walichukia. Ilibidi mwisho upigwe upya, wapenzi waokoke. Oz ameeleza mara nyingi tangu wakati huo alichojifunza: jukwaani waigizaji hufa, kisha hutoka mbele kuinama, wakitabasamu, na mtazamaji anawaona wazima. Kwenye filamu aliyekufa amekufa.

Mimi naiona hiyo ndiyo zawadi ambayo mchezo wa aina hii unampa mtu aliyewahi kuogopa filamu akiwa mtoto. Ash na wenzake, wote wamelowa, hushikana mikono na kuinama. Cheryl anatoka kwenye kimlango chake. Ed, yule wa kupita tu, anapigiwa makofi yake.

Kazi hii inaweza kufanywa kwetu, na ninalisema hili nikiwa na kikundi fulani cha watu akilini. Chuo cha Bagamoyo, kinachoitwa sasa TaSUBa, kimekuwa kikifundisha ngoma, sarakasi, muziki na maigizo chini ya paa moja kwa miongo mingi, na hakuna mchezo unaohitaji vyote vinne kwa mpigo kuliko huu. Vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre viliwazoesha watu wa Dar es Salaam usiku mmoja wenye ngoma, kichekesho, igizo na taarabu. Na filamu ya kuchezewa ipo. Mussa Banzi alitupa Nsyuka na Shumileta, filamu za kutisha za Kiswahili zilizotazamwa na watu wengi, zenye mizimu na jini wa kike. Watoto walioziogopa ni watu wazima sasa, tayari kwa kucheka. Jini Shumileta ana haki ya kupata wimbo wake wa taarabu, wenye vijembe, apigiwe fidla na kutuzwa noti, kabla hajamnyonya mtu damu.

Anayetaka kujaribu aanze na ukumbi mdogo. Aitazame filamu hadi aijue kuliko aliyeiigiza. Atafute mwalimu wa dansi mkali, asiyecheka mazoezini. Damu aichanganye mapema na kuijaribu kwenye kitambaa kile kile cha maleba, na juu ya sakafu ile ile, kabla ya usiku wa kwanza. Na kabla ya yote hayo aende kwa mwenye filamu na kuomba ruhusa kwa maandishi, kisha apite COSOTA kuhusu hakimiliki, maana mchezo ukipendwa utahamishwa ukumbi, na hapo ndipo kila mtu huanza kukumbuka kwamba hadithi ilikuwa yake.